Daftari la Msimu wa Tisa

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limekubali kupanda ngazi bila kununa. Sisi hatujambo. Mama yuko hapa kwangu tangu mwezi uliopita. Anasema amekuja kunisalimia tu, lakini amekwisha kulipanga upya jiko langu lote, na sasa natafuta chumvi kama mgeni. Mwanangu mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, anacheka mdomo umefungwa.

Ukiona barua yangu imeanza na meno, jua kuna shida nyuma yake.

Kama ujuavyo, tangu mwaka juzi mimi ni katibu wa chama cha wakulima wa mtama. Serikali imetuandikia kwamba kituo cha utafiti, kile ulichokitumikia miaka thelathini na moja, kitafungwa mwisho wa mwaka huu ikiwa wakulima hawatashiriki kukigharimia. Tumependekeza mfuko: katika kila magunia mia mbili anayouza mkulima, thamani ya gunia moja iende kwenye utafiti, na wenye vinu vya kusaga watoe kiasi hichohicho. Mkutano mkuu utapiga kura mwezi wa Septemba. Ikipita, kituo kinaishi. Isipopita, zile maabara zitakuwa bohari la saruji. Mtu amekwisha kuja na futi kuzipima.

Mwenyekiti wetu tunamwita Chekeche, kwa kuwa hakuna neno linalompita bila kuchujwa. Hapingi, wala hakubali. Aliniambia, "Katibu, ng'ombe nikimlisha namwona ananenepa. Hawa watafiti nikiwalisha nitaona nini?" Nikamjibu kwamba amekwisha kukiona: Kibeti, mbegu yetu ya mtama. Hakuna shamba hapa lisilopandwa Kibeti. Mahali ambapo wazee walivuna magunia manne, leo watu wanavuna kumi na moja. "Basi nionyeshe ilivyozaliwa," akasema, "mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Nikiiona kazi, nitawasemea."

Wewe ndiye baba wa Kibeti, Mjomba. Nakuomba uniandikie historia yake, na ukiweza, uje Septemba uisome mwenyewe.

Mpwa wako

2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Goti halipandi ngazi tena. Limehamia chumba cha chini, nami nimelifuata kama mpangaji anayemfuata mwenye nyumba. Mke wangu anakusalimu. Mwambie mdogo wangu, mama yako, kwamba chumvi haihamishwi bila kikao cha ukoo.

Nimefurahi kwamba Chekeche anataka kuiona kazi. Mweleze hivi, taratibu.

Unachukua mimea miwili. Mmoja una punje nzuri lakini ni mrefu, upepo unaulaza. Mwingine ni mfupi, ila punje zake chungu. Alfajiri, kabla ua la mtama halijafunguka, unatoa sehemu zake za kiume kwa kikoleo, ua moja baada ya jingine, na kila ua ni dogo kuliko kichwa cha sisimizi. Kesho yake unalipaka vumbi la yule wa pili na kulivika mfuko wa karatasi. Ukitetemeka, umepoteza mwaka. Watoto wa ndoa hiyo wakizaana wenyewe kwa wenyewe unapata ndugu elfu mbili, na hakuna wawili wanaofanana. Unapanda, unatembea, unachagua, unatupa. Msimu wa tisa unabakiwa na koo kumi na mbili, kila mmoja na namba yake ya tangu mwanzo.

Hizo unazipanda katika vitalu, kila ukoo mara nne katika pembe tofauti za shamba, ili udongo mmoja mwema usikudanganye. Kisha unazungushia mistari ya pembeni. Hii haipimwi wala haivunwi kwa hesabu. Hukatwa kwanza na kutupwa. Sababu ni hii: mmea ulio ukingoni una nafasi zaidi na mwanga zaidi, kwa hiyo huonekana hodari kuliko ulivyo. Vijana wangu niliwafundisha kwa maneno manne: mmea wa pembeni mwongo.

Miaka yote hiyo, sikupata kuzoea. Nilikuwa nikiweka punje moja kiganjani, nyepesi hata sikuihisi, nami nikijua kwamba urefu wa mmea ambao haujakuwepo umekwisha kuamuliwa mle ndani. Nilikuwa nikivua kofia, kweli, nikiwa peke yangu.

Kuhusu mfuko, nakushauri. Msiwape watafiti uamuzi wote; nawajua, mimi ni mmoja wao, tutatafiti kinachotupendeza. Msiwape wakulima peke yao, maana wataomba dawa ya mdudu wa mwaka jana. Mkulima aulize swali, mtafiti achague njia, mwenye kinu aseme kinachosagika. Na sehemu moja ya kumi muiache kwa jambo ambalo hakuna aliyeliuliza bado.

Historia ya Kibeti imo katika ripoti yangu, kabatini kituoni. Ni ukoo namba kumi na saba. Hiyo yatosha. Septemba sitaweza kuja, kwa sababu ya goti.

Mjomba wako

28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye kikao cha kamati, wakasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo mimi sijawahi kufanyiwa. Ile sehemu moja ya kumi imeingizwa kwenye mapendekezo. Wote hapa wazima. Mama anasema chumvi itabaki ilipo.

Juzi nilikwenda kituoni na Chekeche. Mtunza ghala alitufungulia kile chumba cha baridi cha kuhifadhia mbegu. Nilikuwa nikisikia habari zake tangu utotoni, lakini sikujua. Rafu kutoka sakafuni hadi darini, bahasha elfu sita, kila moja na mwandiko wa mtu. Mwandiko wako niliutambua kwa ile saba yako yenye mkia. Chekeche aliingia akitania kwamba ameletwa mochwari. Kisha akachukua bahasha moja, akamimina punje kiganjani, akazihesabu. Arobaini na moja.

"Zile nyingine ziko wapi?" akauliza.

"Zipi?" mtunza ghala akasema. "Hiyo ndiyo mbegu yote ya aina hiyo. Waliokuwa wakiilima wamekwisha, na mashamba yao yamejengwa."

"Yote duniani?"

"Yote tunayoijua."

Chekeche alizirudisha moja baada ya nyingine, akizuia pumzi kama mtu anayetunga uzi. 

Sasa, Mjomba. Ripoti nimeipata, na madaftari ya misimu yako yote, isipokuwa la msimu wa tisa. Mtunza ghala alinionyesha kitabu cha kuazima. Ulilichukua wewe, siku uliyostaafu, na saini ni yako. Katika ripoti, msimu huo ndipo namba kumi na saba inapoanza kutajwa kwa sifa. Chekeche anausubiri ukurasa huo. Tafadhali nitumie.

Nilimwuliza Mama kama anakumbuka msimu ule, maana alikuwa kibarua wa kupalilia hapo. Akaendelea kuchambua maharage. "Mwulize kaka yangu," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiandika."

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Aprili. Lawama ya kuchelewa ni yangu, si ya posta. Paa la jikoni lilivuja, fundi akaja, paa likavuja mahali pengine. Mke wangu alipata mafua, akapona, akaniachia.

Nimefikiri. Kibeti imezungumzwa mno. Mwonyeshe Chekeche ile mbegu nyekundu inayohimili viwavi. Madaftari yake yamekamilika na kazi yake ni safi. Daftari la msimu wa tisa lina wino uliofifia, na mwandiko ni wa mtu aliyechoka. Halitakusaidia.

Jitunze. Wasalimu watoto.

Mjomba wako

14 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa mafua. Sisi tu wazima, isipokuwa mimi sijalala vizuri. Utanisamehe nikienda moja kwa moja.

Wenye vinu wamepata msemaji, mtu mmoja mnene wa maneno. Anasema mfuko uanzishwe, sawa, lakini utumike kununua mbegu iliyokwisha tengenezwa nje. Kituo cha nini? Watu wanamsikiliza. Nilijaribu ile mbegu nyekundu kama ulivyoniambia. Chekeche alinisikiliza, kisha akasema, "Katibu, nilikuomba cheti cha mtoto huyu, unaniletea cha jirani. Mzazi akificha cheti, kuna jambo." Alisema hivyo mbele ya kamati nzima.

Nilirudi kwa Mama, mara hii nikakaa chini kabisa.  "Siwezi kumsemea kaka yangu," akasema. "Wala yeye hakuweza kunisemea mimi. Ndivyo tulivyo." Akainuka, akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Mjomba, kama katika ukurasa ule kuna jambo la aibu, ni afadhali nilijue mimi kabla ya mtu wa vinu. Kama hakuna, unanitesa bure. Sina tena cha kuwaonyesha. Bila ukurasa huo tutashindwa.

Mpwa wako

19 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo habari za nyumbani sizileti, maana nikianza nazo nitaishia nazo.

Daftari limo ndani ya bahasha hii. Fungua ukurasa wa sitini na mbili. Utaona nimeandika: "Mistari ya pembeni: imekatwa, imetupwa." Hayo ni maneno yangu, na si kweli.

Msimu wa tisa mvua ilikoma wiki ya tano. Koo zangu kumi na mbili, miaka tisa ya maisha yangu, zililala zote chini, namba kumi na saba pamoja nazo. Mistari ya pembeni nilikuwa nimeipanda masalia, zile punje zinazobaki ndani ya bahasha tukishapima, tulizokuwa tukizimimina katika debe moja mwaka baada ya mwaka. Hatukujua ni zipi, wala hatukujali. Kazi ya mstari wa pembeni ni kuziba upepo.

Mama yako alinijia nikiwa nimeketi juu ya ndoo. "Kaka," akasema, "ule wa pembeni, upande wa bomba, umesimama."

Nikamwambia, "Mmea wa pembeni mwongo. Kateni."

"Mwongo gani anayesimama wakati wakweli wote wamelala?"

Mpwa wangu, nilikuwa na digrii mbili na yeye alikuwa na jembe. Nilimjibu kwa sauti ya digrii. Wala sikuwa nimekosea kisayansi. Hata leo ningemfundisha mwanafunzi vilevile. Ila sikuinuka kwenda kutazama. Hatua sitini tu. Nikaandika "imekatwa, imetupwa" papo hapo, kabla haijakatwa.

Aliikata. Lakini alifunga masuke matano ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Unajua kibao kilichokuwa getini: kibarua akikutwa na hata suke moja anafukuzwa, na polisi huitwa. Alipita chini ya kibao hicho na masuke matano kichwani. Baba yako alikuwa mgonjwa wakati ule, na nyumba nzima iliishi kwa kibarua hicho. Akayapanda nyuma ya choo. Msimu uliofuata alinipa mfuko. "Shika," akasema, "usiniulize." Ndani mlikuwa na masuke yaliyojaa kama ngumi, juu ya mabua mafupi, imara. Sijapata kuona kitu kama kile, wala sikupata tena. Nilikaa na mfuko ule mapajani hadi chai ikapoa, na nikajua ulikotoka.

Kitu kisicho na nasaba hakisajiliwi. Na kusema ulikotoka ni kumpeleka mdogo wangu polisi. Nikaupa namba ya ukoo uliokufa, kumi na saba, na katika ripoti nikaandika kwamba ndio uliosimama msimu wa tisa. Niliufanyia majaribio misimu mitano mingine ya haki, hiyo kazi ni kweli. Lakini nishani walinivalisha mimi, nikaitwa baba, na mama yako alikuwa ukumbini nyuma akipanga viti. Nilijiambia namfichia yeye. Kibao kile kiliondolewa miaka ishirini iliyopita, na bado nilinyamaza. Kwa hiyo nilikuwa nikijifichia mwenyewe.

Kuna hofu nyingine, na hii si ya jina langu. Wakulima wakisikia kwamba Kibeti ni makombo ya debe na kitambaa cha kichwa, watasema utafiti ni bahati nasibu, na kituo kitakufa kwa mkono wangu. Sijui la kukushauri. Nimekuwa mwepesi wa ushauri maisha yangu yote, na leo sina. Mwulize mama yako kwanza. Siri ni yake kabla ya kuwa yangu.

Mjomba wako

2 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Meno ya mdogo yameota, makubwa kuliko mdomo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka nikuandikie mambo yakiwa yamekwisha.

Nilimsomea Mama barua yako jikoni. Hakulia. Aliniambia nirudie pale penye ndoo, nikarudia. Kisha akasema, "Miaka thelathini na miwili nangoja kufukuzwa kazi. Soma tu, nimechoka kungoja." Siku ya mkutano alivaa viatu vyangu vizuri bila kuniomba.

Nilisoma ukurasa wa sitini na mbili, kisha barua yako, kuanzia kwenye mvua hadi kwenye viti. Ukumbi ulikuwa na watu karibu mia tatu. Yule msemaji wa vinu akasimama. "Basi tunaambiwa tuchangie bahati," akasema. Watu wakacheka, nami nikaona tumekwisha.

Chekeche hakucheka. Alimtafuta Mama kwa macho. "Wewe dada, uliionaje?"

Mama akasimama. "Nilikuwa nalipalilia shamba lile mwaka wa tisa," akasema. "Ukipalilia kitu miaka tisa, unajua kipi kimechoka na kipi kimekaa tu."

"Na hilo debe, lilijaa lini?"

"Halikujaa siku moja. Kila mwaka waliongeza. Mbegu za watu wa kila mahali, zile za chumba cha baridi."

Chekeche akamgeukia mtu wa vinu. "Umesikia? Miaka tisa ya kuokota mbegu za ulimwengu mzima, na miaka tisa ya mwanamke mmoja kutembea juu yake. Hiyo unaiita bahati. Haya, ninunulie bahati kama hiyo huko nje, nitalipa." Wakacheka tena, ila sasa walikuwa wakimcheka yule. Mtu mmoja nyuma akauliza, kwa sauti ya ugomvi, kwa nini mtafiti alificha. Chekeche akasema, "Aliyeficha ndiye aliyeleta daftari. Keti."

Mia mbili na kumi na nne walinyoosha mikono kukubali, sitini na mmoja kukataa. Mfuko umepita, Mjomba. Kituo kinaishi. Chekeche aliongeza masharti mawili, yakaandikwa: mstari wa pembeni usikatwe kabla wapaliliaji hawajaupitia na maneno yao kuandikwa daftarini, na kiti kimoja cha bodi ya mfuko kiwe cha mpaliliaji. Kile cha kwanza wamempa Mama. Alisema atafikiri. Asubuhi yake nilimkuta anatafuta miwani.

Sasa ananiambia niandike maneno yake kama anavyoyasema, nisipambe. Naandika:

"Kaka, salamu. Barua yako nimeisikia na imetosha, usiandike nyingine ya namna hiyo. Ila kuna mahali umekosea, nawe hukosei hesabu. Masuke hayakuwa matano. Yalikuwa saba. Siku ile hatukuwa na kitu ndani, na huyu binti anayeandika alikuwa na miaka minne, analia. Mawili niliyapukuchua nikawapikia wa nyumbani, wakala. Nilichagua mawili bila kutazama, gizani, kwa mkono. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeumia kuliko kwa jambo lolote."

Mimi sikumbuki kula, Mjomba. Nimejaribu sana kukumbuka.

Mpwa wako

11 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimepokea habari ya kura, na nitaishangilia wakati wake. Kwa siku tatu nimekuwa na yale masuke mawili tu; kila suke la debe lile lingeweza kuwa Kibeti nyingine.

Mwambie mdogo wangu sikuumia. Mwambie mtoto alipaswa kula. Na mwulize haya: je, yalikuwa marefu kuliko yale matano, au mafupi? Punje zake zilikuwa nyeupe, nyekundu, au na doa jeusi pale kwenye kitovu? Zilipukuchuka kwa kidole, au alizipiga? Zilichukua muda gani kuiva? Zilikuwa na utamu wowote? Maji aliyopikia yaligeuka rangi? Mabua yake mawili yalisimama yamepakana, au mbalimbali, na ni yapi yaliyokuwa karibu na bomba?

Asijibu kwa barua. Nakuja Jumanne kwa basi la asubuhi, goti lipende lisipende. Nimenunua daftari jipya. Atasema yeye, nitaandika mimi, na mara hii nitaandika baada ya kwenda kutazama. Anionyeshe pale nyuma ya choo, hata kama pamejengwa.

Mjomba wako